Sura ya Tano: Karatasi za Nyumba Yenye Lebo

Swali lenyewe

Swali ambalo watu huliuliza kila yanapozungumzwa mambo ya kupunguza matumizi ya nishati majumbani, yaani matumizi ya umeme, gesi na mafuta, ni hili: ikiwa mpango wa kuzipa nyumba lebo ni wa hiari, na hakuna askari wala hakimu atakayemshitaki mtu kwa kutojiunga nao, mbona wale wanaojiunga hudaiwa fomu, orodha, sahihi na vyeti vingi kama kwamba wanaomba hati ya kusafiria? Swali hili ni la haki na halistahiki kujibiwa kwa haraka, kwa maana muulizaji aghalabu si mvivu wa kuandika wala si mpinzani wa maendeleo. Ni mjenzi mwenye nyumba mbili tatu za kumaliza kabla ya majira kugeuka, au ni mnunuzi aliyeweka akiba kwa miaka kumi, na kila mmoja wao anajua kwamba saa moja ya karatasi ni saa moja iliyokatwa katika kazi nyingine.

Jibu langu, ambalo sura hii yote ni maelezo yake, ni kwamba hiari yenyewe ndiyo inayozaa karatasi. Jambo la lazima lina sheria ya kulilinda, na mwenye kulivunja huadhibiwa; jambo la hiari halina mlinzi mwingine ila kuaminiwa kwake, na kuaminiwa huko hakudumu pasipo ithibati. Lakini nitasema pia, maadamu tumeanza kusema kweli, kwamba si kila karatasi ni ithibati. Zipo zinazomla mtu wakati wake bure, na Marekani, ambako mpango tutakaoutazama ulianzia, ililazimika kutunga sheria ya kuzizuia.

Friji haijengwi mvuani

Lebo ni alama inayobandikwa juu ya kitu ili imwambie mnunuzi jambo ambalo macho yake hayawezi kuliona. Aliyenunua friji Nairobi katika miaka hii ameiona lebo ya nyota, iliyowekwa kwa kanuni za serikali ya Kenya za mwaka 2016: nyota zikiwa nyingi, friji inakula umeme kidogo. Friji hutoka kiwandani, na moja ikipimwa maabara, maelfu ya ndugu zake wa muundo ule ule huwa kama wamepimwa pamoja nayo, kwa kuwa mashine iliyowatengeneza ni moja na haichoki wala haisahau.

Nyumba haiko hivyo. Nyumba hujengwa juani na mvuani, kwa mikono ya mafundi wanaobadilika kila juma, na ramani moja ikipewa makundi mawili ya mafundi katika mtaa mmoja huzaa nyumba mbili ambazo mpita njia hawezi kuzitofautisha, ilhali bili ya umeme inazitofautisha kila mwezi. Kwa hiyo anayetaka kuipa nyumba lebo hana budi kuitazama nyumba moja moja, na kuyaandika aliyoyaona.

Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, ambalo hujulikana kwa herufi zake EPA, lilianzisha lebo ya ENERGY STAR mwaka 1992 kwa kompyuta na skrini zake, na mwaka 1995 likaifikisha katika nyumba mpya. Tangu hapo nyumba zaidi ya milioni mbili zimepewa alama hiyo. Nyumba inayoipata inatakiwa iwe na ufanisi wa nishati unaopita, kwa asilimia 10 angalau, ule wa nyumba iliyojengwa kwa kanuni za kawaida za ujenzi. Na ufanisi wa nishati maana yake ni kupata ubaridi ule ule, joto lile lile na mwanga ule ule kwa kutumia nguvu kidogo zaidi. Mjenzi halazimishwi kuitafuta lebo hii. Akiitaka, ndipo karatasi zinapoanza.

Kadi ya kliniki

Mama apelekaye mtoto kliniki hupewa kadi, na kila mwezi muuguzi humtundika mtoto mizanini, husoma uzito wake, akatia alama ndogo katika mstari wa kadi ile. Mwaka ukipita, mtoto akidhoofika na daktari akataka kujua udhaifu ulianza lini, hapana mizani duniani iwezayo kumpima mtoto kama alivyokuwa mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu umekwenda; kilichobaki ni ile alama ya kalamu.

Nyumba nayo ina miezi yake inayopita isirudi. Kuta za nyumba nyingi za Marekani si za matofali wala mawe, ni fremu za mbao, na katikati ya nguzo za fremu hizo hushindiliwa pamba iliyofumwa kwa nyuzi za kioo, au kitu kingine cha namna hiyo, ambacho tutakiita kihami joto kwa sababu kazi yake ni kulizuia joto lisipite: wakati wa baridi lisitoke, na wakati wa jua lisiingie. Kwa siku chache pamba hii huwa wazi kwa kila mtu. Kisha hufunikwa kwa bodi za jipsamu, ukuta hupakwa rangi, na tangu siku hiyo hakuna atakayeiona mpaka nyumba ibomolewe.

Katika siku hizo chache huja mtu aitwaye mpimaji, ambaye si mwajiriwa wa serikali bali ni fundi aliyefundishwa na kupewa idhini ya kupima nyumba, akiwa na tochi, utepe wa kupimia na orodha yake. Hupita ukuta kwa ukuta. Pamba iliyobanwa nyuma ya bomba badala ya kupasuliwa ili ilizunguke, pamba iliyoachwa pengo la vidole viwili kando ya kisanduku cha soketi, pamba iliyolegea juu ya dirisha ikaanguka kama shuka kitandani, vyote hivyo ni makosa, kwa kuwa joto hupita mahali hapo kama maji yapitavyo penye ufa wa mtungi. Uwekaji wa kihami joto hugawanywa katika daraja tatu, na lebo ya ENERGY STAR hudai daraja la kwanza. Mpimaji akiona kasoro, fundi huitwa arekebishe; akiridhika, hutia alama katika orodha, na jipsamu hupandishwa. Alama hiyo ndiyo ile ya muuguzi. Miaka kumi baadaye mwenye nyumba akihisi baridi inapenya chumbani, ushahidi wa hali ya ukuta ule siku ulipokuwa wazi umo karatasini, wala haumo mahali pengine.

*Kwa ufupi:* karatasi nyingi za nyumba yenye lebo zipo kwa sababu kinachothibitishwa hufichwa na ujenzi wenyewe. Lisiloandikwa kabla ya ukuta kufungwa haliwezi kuandikwa baadaye kwa uaminifu.

Nyaraka zenyewe

Mjenzi anayetaka lebo hutia sahihi kwanza mkataba wa ushirikiano na EPA, na husomeshwa somo fupi juu ya masharti. Mkataba huo ni wa mjenzi, hautiwi sahihi upya kwa kila nyumba. Nyaraka zinazofuata ni za kila nyumba, na kwa nyumba ya familia moja ndizo hizi:

1. Orodha ya kukagua michoro, ambayo mpimaji huijaza kabla kazi haijafika mbali.
2. Orodha ya kukagua nyumba mahali pake, ambayo mpimaji huijaza akiwa ndani ya nyumba, kabla ya jipsamu na baada ya kazi kumalizika.
3. Ripoti ya usanifu wa mitambo ya kupasha joto, kupoza na kubadilisha hewa.
4. Orodha ya majaribio ya mitambo hiyo, inayojazwa na fundi aliyeifunga.
5. Masharti ya kuzuia maji, ambayo mjenzi mwenyewe huwajibika kwayo.

Ya tatu inataka maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo inayolalamikiwa zaidi na ndiyo, kwa maoni yangu, yenye manufaa zaidi kwa mnunuzi. Desturi ya mafundi wengi wa viyoyozi, huko na huku kwetu, ni kukisia: chumba ni kikubwa, basi mtambo uwe mkubwa, na mteja hufurahi akidhani amependelewa. Lakini kiyoyozi kilichopita kipimo hukipoza chumba kwa dakika chache kikazima, kabla hakijapata wasaa wa kuukausha unyevu wa hewa, kisha huwaka tena, kikazima tena, na mwenye nyumba hulala katika baridi yenye majimaji, shuka zikimgandama, akilipia umeme wa kuwasha na kuzima usiku kucha. Ripoti ya usanifu humlazimisha fundi ahesabu: eneo la sakafu, eneo la madirisha na upande yanakoelekea, joto la kawaida la wilaya ile katika siku kali za mwaka, na idadi ya wakazi, ambayo kwa kanuni huwa ni idadi ya vyumba vya kulala na mtu mmoja zaidi, hata nyumba ya vyumba vitatu huhesabiwa watu wanne.

Kisha mpimaji huichukua ripoti hiyo akailinganisha na nyumba yenyewe. Eneo la sakafu lililoandikwa haliruhusiwi kupungua zaidi ya futi za mraba 100 wala kuzidi zaidi ya futi za mraba 300 kuliko nyumba iliyosimama mbele yake. Mipaka hii, ambayo mtu aweza kuiona kuwa ni usumbufu wa makarani, imewekwa ili kuzuia hila moja iliyo nyepesi mno kutendeka, nayo ni kuichukua ripoti ya nyumba ya jirani, kubadili jina la mtaa na nambari ya nyumba, na kuitia sahihi.

Ya tano huwashangaza wengi, nao huuliza maji yana uhusiano gani na umeme. Yanao. Nyumba ya zamani yenye nyufa tele ililowa na kukauka, kwa kuwa upepo ulipita kila mahali. Nyumba mpya iliyozibwa barabara, ikipenywa na mvua penye kona ya dirisha, haikauki upesi, na ukuta huanza kuota ukungu ndani kwa ndani, mbao zikaoza pasipo mtu kujua. Kwa hiyo anayeruhusiwa kuiziba nyumba hutakiwa kwanza athibitishe kwamba amewafungia maji mlango. Mwenye kulitunga sharti hili alifikiri vizuri.

Mlango wenye feni

Zipo karatasi ambazo hujazwa kwa kutazama, na ipo moja ambayo nyumba yenyewe huijaza. Nyumba ikimalizika, mpimaji hufunga madirisha yote, hufungua mlango wa mbele, na mahali pa mlango huo huweka fremu yenye kitambaa kizito na feni kubwa katikati. Feni huwashwa, ikaanza kuivuta hewa ya ndani kwenda nje, hata tofauti ya mkazo wa hewa baina ya ndani na nje ifikie paskali 50, paskali ikiwa ni kipimo cha mkazo; na mkazo huo ni kama upepo wa maili 20 kwa saa ukiivumia nyumba pande zote kwa wakati mmoja. Hapo kila ufa husema. Ukiupitisha mgongo wa kiganja chako mbele ya soketi ya ukutani, au chini ya ubao wa dirisha, au kando ya mfuniko wa kuingilia darini, unausikia ubaridi mwembamba ukikupuliza, kama pumzi ya mtu aliyesimama karibu nawe.

Feni huonyesha ni hewa kiasi gani imelazimika kuivuta ili kuudumisha mkazo ule, na kutokana na kiasi hicho mpimaji hupata nambari ya mara ambazo hewa yote ya nyumba ingebadilika katika saa moja. Nambari hiyo huandikwa. Mifereji inayosambaza hewa ya kiyoyozi nayo hujaribiwa kwa namna yake, kwa maana mfereji unaovuja darini hupoza popo na panya.

Vipimo vyote vikikusanywa, huingizwa katika programu ya kompyuta inayotoa hesabu moja iitwayo HERS, chini ya kanuni za jumuiya ya wapimaji iitwayo RESNET. Nyumba ya kulinganishia, iliyojengwa kwa kanuni za mwaka 2006, hupewa 100. Nyumba ambayo kwa mwaka mzima haihitaji nishati zaidi ya ile inayoizalisha yenyewe, kwa paneli za jua mathalani, hupewa sifuri. Nambari hii isomwe kama deni: ikipungua ni heri. Mwenye 70 anatumia pungufu ya asilimia 30 kuliko ile nyumba ya kulinganishia.

Nyumba kongwe, ambazo kuta zake zilifungwa zamani, zina mpango wao. Wizara ya Nishati ya Marekani ilianzisha mwaka 2012 alama ya kuanzia 1 hata 10, ambayo mkaguzi huipata kwa kutembea nyumbani kwa muda usiofika saa moja, akiandika umri wa tanuri la joto, aina ya madirisha, unene wa kihami joto darini na mengine ya namna hiyo. Tabia za wakazi haziingizwi, kwa kuwa inayopimwa ni nyumba, si mwenye nyumba. Mpango huo ni wa hiari kwa taifa zima, lakini mji wa Portland, katika jimbo la Oregon, uliufanya kuwa lazima tangu mwaka 2018 kwa mtu anayetangaza nyumba yake kuuzwa.

Nani humpima mpimaji?

Msomaji mwangalifu atakuwa ameliona pengo. Mpimaji hulipwa na mjenzi. Je, hatavutwa na mkono unaomlisha? Jibu limo katika karatasi tena, na hapa ndipo zinapokuwa kinga ya mtu asiyekuwapo, yaani mnunuzi. Juu ya wapimaji wako wasimamizi wa ubora, ambao kwa kanuni za RESNET hulazimika kila mwaka kuyapitia mafaili ya nyumba 10 katika kila 100, na kuipima upya nyumba 1 katika kila 100 kwa kwenda huko wenyewe. Kama orodha hazikujazwa, hakuna faili la kupitia, na neno la mpimaji hubaki kuwa neno tu.

Kuna ruhusa nyingine ambayo napenda kila mnunuzi aifahamu. Mjenzi wa nyumba nyingi zinazofanana, akiisha kuthibitisha kwamba kazi yake haina kasoro, aweza kuruhusiwa kupimiwa kwa sampuli, yaani katika kundi la nyumba zisizozidi saba, moja ipimwe kwa niaba ya nyingine. Sababu yake ni gharama, nami naikubali sababu hiyo. Lakini tumekwisha kusema kwamba mafundi wawili hawafanyi kazi moja sawasawa, na mtu aliyenunua nyumba ya sita ana haki ya kuambiwa kwamba iliyofungiwa feni mlangoni ilikuwa ya pili. Aulize, tena aulize kwa maandishi: nambari hii ni ya nyumba yangu, au ni ya jirani yangu?

Fedha za serikali zikiingia, uzito wa karatasi huongezeka, na ni sawa uongezeke. Kwa sheria ya mwaka 2022 mjenzi aliyepata lebo ya ENERGY STAR kwa nyumba ya familia moja aliwekewa nafuu ya kodi ya dola 2,500, na aliyefikia kiwango cha juu zaidi, cha nyumba iliyo tayari kutotegemea nishati ya nje, dola 5,000. Sheria ya mwaka 2025 ikaweka kikomo: nyumba inayochukuliwa na mnunuzi baada ya tarehe 30 Juni 2026 haimo katika nafuu hiyo. Fedha ya umma inapotolewa kwa sababu ya cheti, cheti kisicho na ushahidi nyuma yake ni wizi.

Sheria ya kupunguza makaratasi

Nimezitetea karatasi kwa kirefu. Sasa nawatetea wanaozijaza. Mwaka 1980 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Kupunguza Makaratasi, ambayo iliandikwa upya mwaka 1995, na shuruti lake kuu ni jepesi kulieleza: idara ya serikali kuu haina ruhusa ya kuwauliza watu kumi au zaidi maswali yale yale pasipo idhini ya ofisi inayosimamia bajeti katika Ikulu, ijulikanayo kwa herufi OMB. Ili ipate idhini, idara hutangaza katika gazeti la serikali inataka kuuliza nini, kwa nini, na inakadiria kila mjazaji atatumia saa ngapi. Wananchi hupewa siku 60 za kutoa maoni, kisha siku 30 nyingine mambo yanapofika OMB. Idhini haipiti miaka mitatu. Ikiisha, idara huanza upya.

Jambo linalotuhusu sisi ni kwamba sheria hii haibagui. Swali likiwa la lazima, au la hiari, au la mtu anayeomba manufaa fulani, yote ni mamoja, na mpango wa lebo ya nyumba, pamoja na hiari yake yote, umo ndani. Walioitunga walitambua kwamba mtu aliyeingia kwa ridhaa yake naye ana saa zake, tena ni rahisi kumchosha kwa kuwa hadhaniwi kuwa atalalamika. Wasemaji wa Kiswahili waishio Marekani wamekwisha kuuona ushahidi wa sheria hii mara nyingi pengine bila kuutambua: fomu nyingi za serikali kuu zina nambari ya OMB katika pembe zake, na ile ya kodi ya mapato, iitwayo 1040, ina 1545-0074. Fomu ikikosa nambari halali, mtu hawezi kuadhibiwa kwa kutoijaza.

Laiti nchi zetu zingekuwa na sheria ya namna hii. Mtu anayefuatilia kibali cha ujenzi huandika jina lake kamili, nambari ya kiwanja na jina la mtaa katika fomu nne za meza nne, na hakuna meza hata moja iliyowahi kuhesabu saa zake. Karatasi inayouliza lililokwisha kuulizwa haithibitishi kitu. Na kila inapoongezwa juu ya zile zenye maana, huwafunza watu kuzijaza zote bila kufikiri, hata ile ya pamba na ile ya feni.

*Kwa ufupi:* karatasi njema ni ile inayoandika jambo litakalofichika, inayojazwa na aliyeliona, na inayosomwa na mtu mwingine baada yake. Isiyo na hata moja kati ya sifa hizo yafaa kuondolewa.

Ndoo na saa

Kwetu Afrika ya Mashariki mpango wa hiari unaojulikana zaidi katika majengo ni EDGE, ulioanzishwa na IFC, lile Shirika la Fedha la Kimataifa lililo katika kundi la Benki ya Dunia. Hudai upungufu wa asilimia 20 katika mambo matatu, kwa kulinganisha na jengo la kawaida la nchi ile ile: nishati, maji, na kaboni iliyotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi. Hosteli za wanafunzi za Qwetu mjini Nairobi ni miongoni mwa zilizopata cheti chake. Cheti cha awali hutolewa kwa michoro. Cha mwisho hutolewa baada ya jengo kusimama na mkaguzi wa nje kufika.

Ushahidi wake una sura ya kwetu zaidi, nami nitatoa mfano mmoja. Mjenzi akidai kwamba bomba la mvua la bafuni hutoa lita 8 kwa dakika, huleta kwanza karatasi ya mtengenezaji inayosema hivyo. Huleta picha za mabomba yaliyofungwa na stakabadhi za kuyanunua. Kisha mkaguzi huingia bafuni, hufungua bomba mpaka mwisho, na kukinga chombo chenye alama za vipimo huku akitazama saa. Lita 6 zikijaa kwa sekunde 45, mjenzi amesema kweli. Hapo haihitajiki maabara wala elimu kubwa. Ni ndoo na saa, na mtu asiyetaka kudanganywa.

Kinachowaangusha wajenzi wetu aghalabu ni ile stakabadhi ya katikati. Fundi hununua mabomba kwa rafiki yake, huandikiwa kwa kalamu "vifaa vya maji, jumla," au haandikiwi kabisa. Karatasi za watengenezaji hutupwa pamoja na maboksi. Na mwaka mmoja baadaye mkandarasi hutafuta kwa jasho ushahidi wa kazi aliyoifanya vizuri. Nyumba njema hukosa cheti si kwa ubaya wake, ila kwa sababu hakuna aliyeweka faili. Nyumba kongwe za mawe za Lamu na Unguja, zenye kuta nene na dari ndefu, hazina karatasi ya mtengenezaji yeyote. Kwa majengo yaliyokwisha kuwapo EDGE hukubali ushahidi wa michoro na picha mahali pa karatasi zilizokosekana, na jambo hilo ni la insafu.

Kwa mnunuzi na kwa mjenzi

Ukiwa Marekani na ukaonyeshwa nyumba inayosemwa kuwa ina lebo ya ENERGY STAR, usitosheke na tangazo lililo mlangoni. Fungua kile kisanduku cha swichi kubwa za umeme, kwa kuwa huko ndiko lebo hubandikwa. Ukiiona, mwombe muuzaji cheti cha nyumba hiyo, nambari yake ya HERS, matokeo ya jaribio la feni, na ripoti ya usanifu wa kiyoyozi. Angalia kama anuani ni ya nyumba hiyo, na kama idadi ya vyumba iliyoandikwa ni ile uliyoihesabu kwa macho yako. Anayekuuzia kwa haki hatachelewa kukuletea.

Na wewe unayejenga Kigamboni, Kilifi au Mbweni, hata kama hujafikiria lebo yoyote, nunua faili leo. Weka ndani yake kila stakabadhi yenye jina la kitu kilichonunuliwa, na karatasi ya kila pampu, kiyoyozi na tangi la maji. Siku mabomba na nyaya zikiisha kulazwa ukutani, na siku kihami joto kikiisha kuwekwa chini ya bati, mwambie fundi asubiri saa moja, upige picha kila ukuta na uandike tarehe, kabla hajaanza kupiga lipu.